Kariakoo, kwa Wauza Mapazia

Ukitaka kujua watu wa Dar wanaficha nini na wanajionyesha nini, achana na saluni. Nenda Kariakoo kwenye maduka ya mapazia. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo huku ni kubeba tu: unaingia mikono mitupu, unatoka na furushi.

Mimi na mchumba wangu tuliingia Jumamosi na bajeti ya madirisha mawili. "Shemeji, usimnyime dada!" muuzaji akamchokoza mwenzangu hata kabla ya salamu, huku akitandaza mahameli rangi ya damu ya mzee na juu yake kile kitambaa chepesi kinachoangaza.

Sasa hesabu. Marinda ya kueleweka yanataka kitambaa mara mbili ya urefu wa bomba. Dirisha la futi 5 ni kama mita 1.5, ongeza pembeni, bomba linafika mita 1.8, kwa hiyo unakata mita 3.6. Kitambaa chepesi cha ndani nacho mita 3.6. Fundi bado, ringi bado! Ndiyo maana pazia lililonyooka kama shuka linatangaza mfuko ulipoishia, na linaloburuza sakafuni linatamba.

Mwenzangu aling'ang'ania mahameli. Jamani, na joto hili la Januari? Upepo wa bahari ni wa bure, wewe unauwekea ukuta! Tukanuniana palepale, mkasi wa muuzaji ukiwa hewani.

Ndipo akanisimulia. Amekulia chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, Magomeni, vyumba vinatazamana koridoni. Mchana mlango hufungi, utaungua na joto; pazia ndilo mlango. Upepo ukilipeperusha, wapangaji wote wanaona kitanda, ndoo, na kama leo mmepika au hamkupika. Mama yake alishonea vijiwe kwenye pindo ili pazia litulie.

Kumbe bwana hakuwa anatafuta sifa. Alitaka kitu kizito.

Tukakubaliana: chumbani mahameli, sebuleni pamba nyepesi, upepo upite. Halafu tukamgeukia muuzaji kwa pamoja, tukaanza kumkaba kwenye bei.