Bahasha ya Kwenda Philadelphia

Kwa Waislamu wa Columbus, Ohio, safari ya Umra mara nyingi huanzia kwenye foleni ya posta. Pasipoti ya Marekani ya mtu mzima hudumu miaka 10; ikikaribia kwisha, mwenyewe hujaza fomu DS-82, akaifunga pamoja na picha, hundi ya dola 130 na pasipoti yenyewe, akavituma vyote Philadelphia.

Hilo la "pasipoti yenyewe" ndilo zito. Nilimsindikiza mzee mmoja wa msikitini petu, ambaye mamaye ni mgonjwa huko Tanga. Aliishika bahasha mbele ya karani hata watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

"Mwanangu," akaniuliza, "Mwenyezi Mungu akileta amri yake, nitakwenda kumzika kwa pasipoti ipi?"

Nikamweleza kwamba ipo miadi ya dharura kwa aliyefiwa na mzazi nje ya nchi, au ambaye mzazi wake yu mahututi, akitaka kusafiri ndani ya majuma mawili. Hata hivyo miadi si kiti cha ndege, na maziko yetu hayangoji.

Mkewe aliihofia hijabu yake pichani. Inaruhusiwa, madhali uso wote unaonekana na ametia saini tamko kwamba huivaa kwa ajili ya dini.

Mzee akalipia namba ya kufuatilia bahasha, jambo ninalomhimiza kila mmoja, kisha akaiachia. Stakabadhi akaitia mfukoni mwa kanzu. Tanga ilikwisha kuwa usiku. Akampigia mamaye vivyo hivyo.