Dumu Moja la Maji

Husemwa mara nyingi kwamba taabu humkuza Mkristo. Neno hili ni kweli, walakini si kweli yote. Nataka kuwasimulia jinsi nalivyojifunza jambo hili huko Mtendeli.

Mimi nalizaliwa Burundi. Mwaka 2015 palitokea machafuko katika nchi yetu, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Nalikuwa na umri wa miaka 12. Baba alibaki nyuma, nasi hatukumwona tena. Mama, wadogo zangu wawili na mimi twalifika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Maelfu ya watu walijaa ufukoni, na kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ikatuchukua hata Kigoma, na toka huko tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, katika nchi ya Kasulu.

Nyarugusu ilipojaa mno, kambi nyingine zilifunguliwa. Mtendeli ilifunguliwa mwezi wa Januari 2016, katika Wilaya ya Kakonko, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kibondo. Wenyeji wa huko ni Waha, na lugha yao na Kirundi chetu ni kama ndugu. Lakini maji yalikuwa haba. Kila alfajiri twalipanga madumu yetu mbele ya bomba, tukangoja zamu.

Siku moja ya kiangazi nalichelewa kuamka. Nalipofika, safu ilikuwa ndefu sana. Mbele yangu mbali naliliona dumu la bibi mmoja, jirani yetu, naye ameketi kivulini. Nikatazama huku na huku, nikalisogeza dumu lake nyuma, nikaliweka langu mahali pake. Dumu langu likajaa. Zamu yake ilipofika, bomba lilikuwa kavu.

Nalirudi nyumbani nikijiona mwerevu. Mama akanisifu kwa bidii yangu. Mara yule bibi akapita mbele ya hema letu na dumu tupu mkononi. Mama hakuuliza neno. Akatwaa dumu letu, akammiminia nusu, akasema, "Bibi, twende nayo hayo hata kesho."

Jumapili tukaenda kanisani. Kanisa letu lilikuwa la miti na turubai. Bibi yule akasimama, akamshukuru Mungu kwa ajili ya jirani aliyemgawia maji. Watu wakaimba. Midomo yangu iliimba, bali moyo wangu ulikaa kimya. Nalifahamu ya kuwa kiu ile ile ilikuwa imeingia katika hema moja: ndani yangu imezaa wizi, ndani ya mama imezaa huruma.

Jioni nalimwambia mama yote. Hakunipiga. Alisema tu, "Nenda ukamwambie mwenyewe." Njia ile ilikuwa fupi, lakini mimi naliiona ndefu kupita safari yetu yote. Nikapiga magoti mbele ya bibi, nikakiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, nalikuona siku ile ile. Nalikuwa nikikungoja uje." Toka siku hiyo nalichota maji yake pamoja na yetu. Siku nyingine nalichoka na kunung'unika; walakini nalikwenda.

Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ilifungwa, tukahamishiwa Nduta. Bibi hakuhama nasi. Alikuwa amekwisha kufa, nasi twalimzika huko huko.

Basi, wanafunzi, msidhani taabu peke yake humfanya mtu kuwa mwema. Jua lile lile huyeyusha nta na kuukausha udongo. Taabu huyafunua yaliyofichwa moyoni. Ukiyaona, ukayakiri, ukamwomba Mungu msaada na kutengeneza ulichoharibu, ndipo unapoanza kukua. Nami kila nionapo mtu akingoja zamu yake, hukumbuka lile dumu tupu.