Upendo Unaojifunza

Leo naungama kosa langu mbele yenu, ili mwenzangu asianguke pale nilipoanguka mimi.

Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja wa mwili, na ulimi wake ukafungwa. Nikamleta nyumbani kwangu, kwa kuwa mimi ni mwanawe wa kwanza, tena katekista. Hatukukosa wasaidizi. Akina mama wa jumuiya walileta uji, wazee walikuja kusali Rozari kila jioni, Padri alimpaka Mafuta Matakatifu. Nami niliwaambia watoto: «Mwacheni bibi apumzike, msimsumbue.» Basi akalala chali mchana na usiku, majuma matatu.

Ndipo tukaanza kusikia harufu mbaya. Nilimwita mwuguzi wa kituo cha afya, kijana niliyemfundisha katekisimu mimi mwenyewe. Tulimgeuza mama pamoja. Nikaona juu ya mfupa wa kiuno kidonda kipana kama kiganja cha mkono. Kijana hakunigombeza. Aliuliza tu: «Mwalimu, mnamgeuza mara ngapi kwa siku?» Sikuwa na la kujibu.

Alinieleza kwamba mwili ukilalia mahali pamoja siku zote, damu haipiti vizuri hapo, na nyama inakufa. Alinionyesha namna ya kusafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, kumlaza mama ubavu huu na ubavu ule kila baada ya saa mbili, kukausha ngozi yake, kunyosha shuka isiwe na makunjo, na kuweka mto kati ya magoti. Mambo madogo kabisa! Lakini kwa kutoyajua, nilimtesa mama yangu huku nikimwombea.

Usiku nilikaa karibu na taa nikingoja saa ya kumgeuza, na nikawaza: ni nani waliotufungulia njia ya elimu hii? Nikarudia vitabu vyangu vya seminari, nikatafuta na vingine.

Katika Uhindi kuna kitabu cha uganga kiitwacho kwa jina la Charaka, chenye umri wa miaka ipatayo 2000. Chasema matibabu yasimama juu ya nguzo nne: mganga, dawa, mwuguzi, na mgonjwa mwenyewe. Na mwuguzi yampasa mambo manne: ajue kazi yake, awe na mikono hodari, ampende mgonjwa, awe safi. Tazameni: upendo umo, lakini haukuachwa peke yake.

Wakristu wa kwanza nao walizidi kufungua mlango wa huruma. Tauni ilipoingia Karthago, katika Afrika hii yetu, karibu na mwaka 252, Askofu Sipriano aliwahimiza waamini wawasaidie hata wapagani waliowadhulumu. Na huko Roma, karibu na mwaka 390, mama tajiri Fabiola alijenga nyumba ya wagonjwa. Mtakatifu Yeronimo aliandika kwamba mama huyo aliwabeba wagonjwa mabegani, akaosha vidonda ambavyo wengine hawakuweza hata kuvitazama.

Miaka mingi ikapita, na mahali pengi kazi hiyo ikadharauliwa, ikaachiwa watumishi wasiojali. Mtakatifu Kamili wa Lelis aliyaona hayo huko Roma. Alikuwa askari na mcheza kamari, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Alipoongoka, aliwakusanya wenzake, na mwaka 1586 Papa Sixtus V alikubali chama chao. Kamili aliwataka wamtunze kila mgonjwa kama mama anavyomtunza mtoto wake wa pekee. Mwaka 1633, katika Ufaransa, Mtakatifu Visenti wa Paulo na Mtakatifu Luisa wa Marillac walianzisha Mabinti wa Huruma, ambao hawakufungwa ndani ya kuta za konventi, bali waliwafuata wagonjwa majumbani mwao.

Mwaka 1854 Florence Nightingale, mama Mwingereza, alikwenda Scutari, karibu na Constantinople, kuwauguza askari wa vita vya Krimea. Alikuwa na wanawake 38, na kati yao Masista Wakatoliki. Walifanya kazi kwa bidii kubwa, lakini askari waliendelea kufa, wengi kwa magonjwa ya uchafu kuliko kwa majeraha. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Mwezi wa Machi wajumbe wa serikali walikuja kusafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa safi. Hata Juni hesabu ilishuka kuwa kama 2. Baadaye, alipozipiga hesabu hizo, Nightingale alielewa kwamba moyo mwema usiojua usafi hauwezi kuokoa. Katika kitabu chake cha 1859 alifundisha kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulala, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali la uuguzi. Niliposoma hayo, niliona ni mimi ninayesemwa. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika London, na kuuguza kukawa kazi yenye masomo na mitihani.

Nasi Wakongo tulijifunza somo hilo kwa machozi. Mwaka 1976 ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulizuka Yambuku, penye hospitali ya misioni. Masista na wauguzi wa pale hawakukimbia. Lakini kila asubuhi sindano tano tu zilitolewa kwa kazi ya siku nzima, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilisuuzwa tu bila kuchemshwa. Ugonjwa ulipita humo. Watu 280 walikufa, na kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Hatuwahukumu, kwani walitoa maisha yao. Lakini kuwaheshimu ni kujifunza.

Mama yangu alifariki baada ya miezi mitano. Kidonda kilikuwa kimefunga. Tulipouosha mwili wake, nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na kijana yule.

Limebaki neno moja. Kabla ya ugonjwa wa mama, mdogo wangu wa kike aliniomba ruhusa asome kazi ya kuuguza. Nilimkemea: «Mimi niwauze mbuzi wangu ili wewe uende kuosha mavi ya watu?» Sasa mbuzi wawili nimewauza, naye ameanza mwaka wa kwanza.

Mara nyingi nimefundisha mfano wa Msamaria mwema, nikisema juu ya huruma yake tu. Kumbe Injili yasema pia alimimina mafuta na divai, akafunga vidonda, akamfikisha majeruhi penye nyumba, akalipa. Alihurumia, tena alijua la kufanya. Ndugu yangu, ukiwa na mgonjwa nyumbani, sali naye. Halafu nenda kamwulize mwuguzi namna ya kumgeuza.