Sambusa Hailiwi Baridi

Juzi kazini hapa Leicester tulikuwa tunamuaga mwenzetu. Mezani, kando ya sandwichi na krisps, niliona sambusa, roho ikafurahi. Kuishika tu, baridi! Imetolewa kwenye friji ya supamaketi ikiwa bado ndani ya trei yake ya plastiki. Ganda nene, ndani viazi na njegere zilizopondwa, na kautamu ka sukari nisikojua kametoka wapi. Wenzangu wanatafuna tu. Mmoja akaniuliza kwa ukarimu kabisa: "Hizi si za kwenu?"

Za kwetu? Kwetu Kisumu Ndogo, Malindi, mgeni akipewa sambusa iliyopoa atajiuliza amewakosea nini wenyeji.

Kwanza manda. Mama hupaka mafuta na kunyunyiza unga kati ya tabaka, akazisukuma pamoja, akazibabua juu ya chuma kikavu. Kuzibandua ni zikiwa moto, na kazi hiyo alipewa nani? Mimi, vidole vikiungua. Nyama hukaushwa na thomu, tangawizi na ndimu; vitunguu na dania huingia baada ya kuepuliwa, visije vikatoa maji na kulowesha manda. Ikifunguka kwenye karai, alaumiwe dada yangu, hata kama hayupo.

Msidhani nawatetea wote wa nyumbani. Hizi za barabarani siku hizi, ukiuma pembe ya kwanza ni hewa, ya pili kabichi, nyama unaambiwa tu.

Na Leicester nayo ina watu wake. Nenda Belgrave Road. Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda mwaka 1972, baraza la mji huu lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja vilevile, alhamdulillahi, na mapishi yao. Kwenye duka moja pale, bibi wa Kigujarati alinisikia nikiongea na simu, akanigeukia: "Pilipili nyingi ama kidogo?" Kiswahili kimenyooka! Sambusa yake haina nyama, lakini ganda ni jembamba, inatoka kwenye mafuta mbele ya macho yako, na ukwaju juu. Nilisamehe nyama.

Nyumbani kwangu natumia manda za Kichina zilizogandishwa, nazikata vipande vitatu vitatu. Nilipomweleza mama, alikaa kimya, kisha: "Kwani huko hakuna unga?" Nikamkumbusha kwamba friza yake hujaa sambusa tangu Shaabani. Akanijibu papo hapo: "Zangu naziweka mbichi. Magharibi ikikaribia, mafuta yako motoni."

Hapo sikuwa na la kusema. Friza haina kosa, basi. Kosa ni kumnyima mtu moto. Nikamwambia kuna wanaozipasha kwa maikrowevu mpaka zikalegea kama kitambaa kibichi. Simu ikakatika. Baadaye akadai bando zilimwishia. Sijaamini.