Nilipata A, Mama Akapoteza Mahindi

Desemba ya mwaka jana niliwasilisha mada darasani kuhusu hifadhi ya udongo. Nilieleza kontua, makinga maji, nyasi za kuzuia mmomonyoko, kila kitu. Mhadhiri akanipa A, wenzangu wakapiga makofi. Siku tatu baadaye Mama akapiga simu. Hata salamu hazikuwa ndefu. "Baba, mvua imeondoka na mahindi."

Wadau, kosa lilikuwa langu. Shamba letu ni heka moja na nusu kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Songea, upande wa Matogoro, ile milima ambako mto Ruvuma unaanzia. Likizo ndefu nilikuwa nimejipa cheo cha msimamizi. Mama alikopa shilingi 300,000 kwenye kikoba kwa ajili ya mbegu, mbolea na vibarua. Vibarua wakaniuliza matuta yakae vipi. Kuyashusha kutoka juu kwenda chini ni kazi ya haraka, na mimi nilitaka kuwahi chuo. Nikawaambia, "Pigeni tu." Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, matuta yakageuka mifereji. Udongo wa juu, mbegu na mbolea vyote vikashuka bondeni. Marejesho ya kikoba hayakushuka navyo.

Semesta ilipoisha, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Kusema kweli nilikuwa naona aibu. Nikapitiliza hadi Mbinga, kama kilomita 100 kutoka Songea, kwa bibi mzaa mama. Baba ni Mngoni, Mama ni Mmatengo, na Bibi hachoki kumkumbusha Baba kwamba ni vita vya Wangoni karne ya 19 vilivyowabana Wamatengo milimani. Ukibanwa mlimani, unajifunza kulima mlima. Hapo ndipo ngolo iliposhika mizizi.

Nilifika Machi, wakati wake hasa. Nyasi zilikuwa zimeshafyekwa na kukauka. Zinapangwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima unakuwa miraba, kila mmoja karibu hatua mbili. Kisha unachimba katikati ya mraba na kutupa udongo juu ya nyasi. Linabaki shimo lililozungukwa na tuta pande zote nne. Maharage yanapandwa kwenye matuta mwezi huohuo, mahindi yanafuata msimu wa mvua ukianza tena. Maji ya mvua yanatua shimoni na kuzama polepole badala ya kukimbia. Nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, na magugu ya palizi yanatupwa shimoni yaoze pia.

Kwa desturi, wanaume wanafyeka na kupanga nyasi, wanawake wanachimba. Bibi akanipa jembe. Nikasema, "Bibi, si ni kazi ya akina mama hii?" Akanijibu, "Na mvua ile ilikuwa ya akina nani?" Nikachimba.

Aisee, mgongo! Siku ya pili sikuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Nikaelewa kwa nini vijana wengi wanaikimbia ngolo, na nikajiuliza migongo ya bibi zetu imelipwa nini miaka yote hiyo. Tukiisifia bila kusema hilo, tunadanganya.

Nilirudi Songea nikamwomba Mama robo heka. Alinitazama muda mrefu kabla ya kukubali. Mdogo wangu alifyeka, mimi nikachimba siku tisa. Mvua za Aprili zilipopiga, Mama alinitumia picha mbili WhatsApp: mashimo yetu yamejaa maji kama vikombe, na sehemu iliyobaki inaendelea kuchanika. Yalitoka madebe matano ya maharage. Matatu tukauza, hela ikaenda kikoba. Deni halijaisha, sitaki kuwadanganya.

Julai nilikwenda mazoezi ya kufundisha, nikapewa Jiografia. Mada ya udongo ikafika. Nilikuwa nimeandaa mifano ya vitabuni, matuta ya ngazi ya nchi za watu. Nikauliza nani amewahi kuona njia ya kuzuia mmomonyoko. Kimya. Nikachora miraba ubaoni. Binti mmoja wa nyuma akacheka, "Mwalimu, si ngolo hiyo? Kumbe na hiyo inahesabika?"

Swali lake bado linanisumbua. Miaka ya 1990 watafiti wa SUA, Morogoro, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Mbinga kujifunza ngolo. Watu wametoka Japani kuja kwa bibi yangu, mimi mjukuu nikaandaa mada yenye A bila kuitaja hata mara moja.

Sisi tunaosomea ualimu tutapangiwa shule mikoa yote. Kila utakakopangiwa kuna mzee anayejua mteremko wa pale. Muulize kabla hujafungua nukuu zako, na ukiweza mkaribishe darasani aulizwe na wanafunzi.

Novemba hii nimebakiza heka moja na robo. Mama amesema safari hii hakopi. Ninaweka sehemu ya bumu kwa ajili ya vibarua wa kuchimba Machi, na nimeshaambiwa bei ya ngolo ni zaidi ya mara mbili ya matuta ya kawaida. Mimi mwenyewe nitakuwepo na jembe langu.