Pembea ya Ruiru



Juma lililopita hamkuiona safu hii kwa kuwa tulikuwa safarini bara. Hutokea walimu wachache wa huku pwani wakaombwa kwenda kutahini watoto wa madrasa za huko, na mara hii zamu ilituangukia sisi, pamoja na mzee mmoja, mwalimu wa tajwidi aliyetimiza miaka sabini na mmoja, na kijana wa Likoni aliyeendesha gari lililobeba makaratasi ya mtihani. Ratiba ilibana: Jumamosi Ruiru, Jumapili Thika, Jumatatu kurudi.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Dereva wetu alizimaliza usiku kucha, na alfajiri, badala ya kumwacha ajinyooshe walau saa mbili, tulimhimiza tuendelee tusije tukachelewa. Kosa hilo ni letu, twalikiri. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ni pana na laini, na ulaini wake ndio unaolewesha. Hapana shimo la kumshtua mtu. Tulipoipita Githurai tukaona gari linaegemea upande polepole kama jahazi lililoachwa usukani. Honi ya lori ndiyo iliyotuzindua sote. Dereva akalirudisha gari njiani, akatamka shahada, asiseme jingine. Mikono yake ilitetemeka, na yetu pia.

Kuingia Ruiru tukamwambia asimame popote.

Popote penyewe palikuwa mkahawa wa madereva, kando ya uwanja wanapoegesha malori ya mawe ya Ndarugu na ya mananasi. Wakulima waijua Ruiru kwa mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Sisi tutaikumbuka kwa kilichokuwa nyuma ya mkahawa ule. Mtu fulani alikuwa ameyakusanya mabaki ya malori akayafanya uwanja wa michezo: matairi yaliyofukiwa nusu na kupakwa rangi, tangi kuukuu lililolazwa likawa kama pango, bati refu la kuteleza, na pembea mbili za minyororo zilizoning'inizwa kwenye chuma cha chasisi. Tukadhani pamejengewa watoto. Hapakuwa na mtoto hata mmoja. Waliokuwako ni madereva na utingo wao, na fundi mwenye ovaroli lililolowa oili. Mmoja alikuwa akiruka kutoka tairi hadi tairi huku wenzake wakimhesabia. Mwingine, mtu wa ndevu nyeupe, alikuwa kwenye pembea, amefumba macho.

Tuliona haya kwa niaba yao. Tukaketi kwenye benchi, tukaagiza chai na chapati, tukatazama pembeni. Dereva mmoja wa lori alitusoma uso.

"Ni mgongo, Ustadhi," akasema. "Kiti kimeukunja tangu Mariakani. Nikikaa kunywa chai tu, narudi kwenye usukani na usingizi uleule. Nikicheza kidogo, damu inatembea. Nikizidiwa kabisa, nalala ndani ya tangi lile, utingo ananiamsha."

Wetu alikuwa amekwisha lala ndani ya tangi hilo, viatu vikiwa nje kama mlangoni mwa msikiti. Tulimwacha saa nzima na zaidi. Watoto wa Ruiru walitusubiri, na wala hawakulalamika. Mtoto gani alalamikia mtihani kuchelewa?

Katika saa hiyo mzee wetu wa tajwidi aliinuka, akatukabidhi bakora yake, akakusanya kanzu na kwenda kuikalia pembea ya pili.

"Mwalimu," tukamwambia kwa sauti ya chini, "watu watatuonaje?"

"Watatuona tunapembea."

Tulikuwa na la kujibu, kwa sababu sisi tuna la kujibu daima. Lakini likatujia jambo ambalo tumelisomesha zaidi ya miaka ishirini. Imepokewa katika mkusanyo wa Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Bibi akamshinda. Baadaye, Bibi alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, akashinda Mtume, naye akamtania kwamba sasa wamelipana. Tumelisomesha hilo kama somo la wema kwa wake. Haikupata kutupitikia kulisoma kama habari ya watu wazima waliokuwa njiani, wenye shughuli nzito mbele yao, wakapata wasaa wa kukimbia.

Na sisi watu wa pwani si wageni wa mambo haya. Siku za Idi, pale Makadara, ni baba wangapi hujifanya wanawasindikiza watoto, na macho yao yapo kwenye pembea? Lamu, katika Maulidi, wazee huketi kwenye bao na watu wazima wakashindana kwa punda, wala heshima ya mtu haipungui.

Basi tukaketi. Pembea ilipotunyanyua mara ya tatu, na upepo ukaingia kwenye kanzu, likaturudia jambo tulilolizika.

Wengine wenu mwalikumbuka. Yapata miaka tisa iliyopita, mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa mvuvi, alileta kamba ya babake akaifunga kwenye mwarobaini wa uani kwa madrasa. Kwa siku nne watoto walipembea kabla ya darasa na baada yake. Siku ya tano tukaikata kwa mkono wetu, mbele yao, tukawaambia kuwa chuoni ni mahali pa elimu. Mtoto yule hakulia. Alituomba kamba tu, kwa kuwa babake angeiulizia. Tukamnyima ili iwe funzo, tukaitupa stoo. Mwaka uliofuata hakurudi chuoni. Tulisema watoto wa wavuvi hawana subira ya kusoma.

Tulishuka kwenye pembea mapema kuliko mzee wetu.

Jumapili, Thika, ulipofika wakati wa mapumziko, watoto walianza kusukumana na tairi uani, na mwalimu wao akatoka mbio na fimbo kwa kutuheshimu sisi wageni. Tukamshika mkono. Alitutazama kwa mshangao, maana sifa zetu zilikuwa zimetutangulia. Baada ya Alasiri tulikwenda kuyatazama maporomoko ya mto Chania, karibu na hoteli kongwe iliyofunguliwa mwaka 1908. Palikuwa na watu wazima wengi, nguo zao za Jumapili zimelowa, wakirusha vijiwe majini. Dereva wetu na mzee walishindana. Mzee alishindwa, akadai vijiwe vya bara ni vizito.

Turudipo nyumbani, kabla ya kufungua mizigo, tuliingia stoo. Kamba ilikuwapo, chini ya majamvi mabovu. Tukaichukua hadi nyumbani kwa mvuvi yule. Mwanawe, akatuambia, yuko Doha, ana kazi ya bandarini. Tukamweleza tuliyokuja nayo, na tukamwomba radhi, kwake na kwa mwanawe. Aliikunjua kamba, akaivuta baina ya mikono miwili, ikakatika.

"Hii, Shehe, haifungi hata mbuzi sasa," akasema. "Lakini mwarobaini ungalipo?"

Tukamwambia ungalipo. Alhamisi alikuja na kamba nyingine, akapanda mwenyewe kuifunga. Mwalimu msaidizi wetu hakuafiki, na bado tunajadiliana naye. Ile radhi ya pili hatujaipata. Namba ya simu ya Doha tumepewa, na kufikia kuandika haya hatujaipiga.