Bagamoyo, Kamera na Maji ya Bamvua

Ndugu msomaji, ukitoka Dar es Salaam ukashika njia ya kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi, utafika Bagamoyo. Hapa ndipo ilipokoma misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara, na hapa ndipo maiti ya David Livingstone ilipopitishwa mwezi wa Februari, 1874, ikielekea Unguja na Uingereza. Lakini Bagamoyo ni mji wa wanafunzi pia. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, yaani TaSUBa. Basi usishangae ukiwakuta vijana pwani, huyu ana kamera, yule ameinua kipaza sauti juu ya mti mrefu, na mwingine amevaa kama mfanyabiashara wa kale. Wanapiga sinema fupi ya masomo yao.

Kazi hiyo ni njema. Lakini kila mahali pana desturi yake, na asiyeuliza huumia. Tufuatane, tutazame.

Tuanze ufukweni. Maji yakipwa, mchanga huonekana mpana sana, na vijana hupenda kwenda mbali ili jahazi lionekane vizuri nyuma ya mwigizaji. Ajabu ya pwani hii ni kwamba maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yako, nawe ungali umesimama pakavu ukitazama kamera. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo saa iliyokuwa salama juma lililopita, leo siyo. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu ndiyo siku za bamvua, maji yapwapo sana na kujaa sana. Mvuvi yeyote atakwambia saa zake, ukimwamkia kwa adabu na kumwuliza. Kuuliza si ujinga. Tena vaa viatu majini, maana samaki aitwaye taa hulala mchangani na mwiba wake. Na kama mnapanda ngalawa au mashua, neno la nahodha ndilo la mwisho, wala asiingie mtu bila jaketi la kuelea.

Sasa twende kusini ya mji, kilomita 5 hivi, mpaka Kaole. Hapo yako magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za namna hiyo hunywa mvua miaka mingi, na kwa nje huzijui udhaifu wake. Mwigizaji asipande juu, wala taa nzito isiegemezwe hapo. Tena hayo ni makaburi ya watu. Yafaa kupata ruhusa ya wasimamizi wa Mambo ya Kale, na kibali cha Bodi ya Filamu, kabla ya kufungua mfuko wa kamera. Mwenye kuruhusu ndiye ajuaye ukuta upi umepasuka.

Labda utasema, msomaji, kwamba ruhusa ni karatasi tu. Sikia habari hii ya Marekani. Tarehe 20 Februari, 2014, katika jimbo la Georgia, watu waliokuwa wakitengeneza sinema iitwayo Midnight Rider waliweka kitanda juu ya reli, katika daraja la mto Altamaha. Hawa hawakuwa wanafunzi, bali mafundi wa kazi hiyo. Wenye reli walikuwa wamekataa kuwaruhusu, nao wakaingia vivyo hivyo. Garimoshi likatokea, na njia ya kukimbilia ilikuwa nyembamba. Sarah Jones, msaidizi wa kamera, mwenye umri wa miaka 27, akafa, na wengine wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata mwongozaji alikiri kosa mahakamani akafungwa. Sinema yenyewe haikumalizika.

Basi, mambo haya yashikwe. Kwanza, kikundi kiende mahali pale siku moja kabla, bila kamera, saa ile ile ya kazi. Pili, mtu mmoja awekwe asiye na kazi nyingine ila kutazama maji, magari na watu, na akisema "Simameni," hata mwongozaji asimame. Tatu, mpiga picha anayerudi kinyumenyume ashikwe bega na mwenziwe, kwa kuwa hana macho kisogoni. Nne, waya wa umeme usilazwe penye maji. Tano, wakiigiza wizi au vita, polisi na majirani waarifiwe kwanza, maana bunduki ya mti kwa mbali hufanana na ya kweli.

Nanyi wazazi, mtoto akiaga kwamba anakwenda kupiga picha, msimwulize habari ya nauli tu. Mwulizeni: Mnakwenda wapi? Nani ameruhusu? Nani atatazama maji? Mtarudi saa ngapi? Akijibu yote manne, aende kwa heri. Akikosa moja, angoje kesho. Magofu ya Kaole yamengoja karne nyingi, na bahari itapwa tena. Picha iliyoharibika hupigwa upya, lakini maji yakimwagika hayazoleki.